Kosa la Kwanza: Kusoma Hitilafu za Kukompaili Programu Huria
Mhadhara wa umma kwa vijana, walimu na mafundi wa kompyuta, Nyamache



Mada yangu ni makosa. Si makosa ya tabia. Hayo ni kazi ya wahubiri, nao Nyamache hawakosekani. Nazungumzia makosa yanayojaa kwenye skrini pale fundi anapopakua msimbo chanzo wa programu huria, akajaribu kuukompaili mwenyewe, na kompyuta ikamjibu kwa kurasa na kurasa za Kiingereza kikavu. Wengi hukata tamaa hapo hapo. Hufunga laptopu na kusema mambo haya ni ya watu wa Nairobi.

Nina neno moja la kuwaambia leo, na mengine yote ni matawi yake. Katika kurasa hizo zote, kosa la kushughulikiwa ni la kwanza. Mengi yaliyo chini yake yamezaliwa nalo, na likiondoka yanaondoka. Taabu ni kwamba skrini husimama kwenye mstari wa mwisho, na macho yetu huangukia hapo, ilhali mstari huo mara nyingi hausemi lolote la maana.

Kwa nini tujisumbue?

Mtu atauliza: kuna haja gani ya kuhangaika na msimbo chanzo wakati programu iliyokwisha kuundwa inapatikana kwa kubonyeza mara moja? Swali ni la haki. Kwa programu nyingi, usihangaike. Kama hifadhi ya Ubuntu au Debian ina kifurushi unachotaka, kisakinishe uendelee na shughuli zako.

Ila kuna siku toleo lililo kwenye hifadhi ni la zamani na lina dosari iliyokwisha kurekebishwa kwingine. Kuna siku unataka programu ifanye jambo ambalo aliyeiandika hakulifikiria. Majirani zetu walilijua hilo mapema. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux ulioshirikisha wataalamu kutoka Sweden, kilitafsiri OpenOffice kwa Kiswahili, na Desemba 2004 kikatoa Jambo OpenOffice. Hawakumwomba mwenye kampuni awaongezee lugha yetu. Msimbo ulikuwa wazi, wakauingia.

Hapa Kenya tuna mfano mkubwa zaidi. Mwaka 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, kule Nandi, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Wagonjwa wa UKIMWI walipoongezeka katika AMPATH, mpango wa matibabu wa ushirikiano huo, ukahitajika mfumo wenye kifua zaidi. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa Indiana wakaungana na Hamish Fraser wa shirika la Partners In Health kubuni OpenMRS, na Februari 2006 mfumo huo ukaanza kazi Eldoret. Leo unatumika katika nchi nyingi, na KenyaEMR, inayotunza rekodi katika vituo vingi vya afya nchini, imejengwa juu yake.

Fikirini maana yake. Kijana wa Nyamache anaruhusiwa kupakua msimbo wa OpenMRS, kuufungua na kuubadilisha, bila kumpigia mtu magoti. Lakini ruhusa hiyo haijitekelezi yenyewe. Asiyeweza kuukompaili ameruhusiwa kutazama tu.

Uliza kwanza ni hatua ipi

Wengi wenu mmelelewa na majani chai. Jani likifika kiwandani hupita hatua: hunyaushwa, hukatwakatwa na mashine za CTC, huachwa libadilike rangi, hukaushwa, kisha chai huchambuliwa kwa madaraja. Chai ikitoka mbovu, anayejua kazi huuliza imeharibikia hatua ipi. Kama shambani kulichumwa majani yaliyokomaa badala ya majani mawili na chipukizi, kuongeza moto wa kukaushia hakutasaidia kitu.

Msimbo nao hupita hatua. Ya kwanza ni kusanidi: amri kama "./configure" au "cmake" hukagua kama kompyuta yako ina vifaa vinavyotakiwa. Ya pili ni kukompaili kwenyewe: kompaila husoma kila faili ya msimbo na kuigeuza kuwa lugha ya mashine. Ya tatu ni kuunganisha: vipande vyote hufungwa pamoja na maktaba ambazo programu inazitegemea. Ya nne ni kuiwasha programu. Kila hatua ina makosa yake na namna yake ya kuyatamka. Ukishajua umekwama hatua ipi, umeacha kupapasa gizani.

Kusanidi

Hatua hii huwashinda wengi mapema ingawa ndiyo nyepesi kuliko zote. Ukiambiwa "no acceptable C compiler found", kompyuta yako haina kompaila. Kwenye Ubuntu, "sudo apt install build-essential" inatosha.

Kosa linalosumbua zaidi ni lile la faili za vichwa. Unaona "zlib.h: No such file or directory". Kijana hubishana na mashine: "Lakini zlib ninayo!" Ni kweli, anayo. Ila Debian na Ubuntu huigawa maktaba mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la kutumiwa na programu zilizokwisha kuundwa. Kwa zlib linaitwa "zlib1g". La pili ni la mjenzi, lenye faili za vichwa ambazo kompaila huzisoma ili kujua maktaba ina nini ndani. Hilo huitwa "zlib1g-dev". Kwenye Fedora mkia wake ni "-devel". Basi ukiona jina linaloishia kwa ".h" na malalamiko kwamba halipo, tafuta kifurushi chenye mkia huo. Usipojua ni kipi, sakinisha "apt-file", uisasishe orodha yake kwa "apt-file update", kisha uiulize: "apt-file search zlib.h".

Na "./configure" ikikataa kwa maneno machache yasiyoeleweka, ndani ya folda hiyo hiyo kuna faili iitwayo "config.log" yenye kisa kizima. Mwisho wake ni orodha ndefu ya vigezo ambayo haina faida kwako. Panda juu mpaka uipite orodha hiyo. Hapo utakuta jaribio lililoshindwa pamoja na maneno halisi ya kompaila.

Kukompaili

Hapa ndipo kurasa zinapoanza kumwagika. Tuangalie ujumbe mmoja kwa karibu. Tuseme unakompaili programu ndogo ya kusajili wanafunzi, na skrini inaandika:

sajili.c:12:5: error: unknown type name 'tarehe_t'

Jina la faili ni "sajili.c". Namba 12 ni mstari, 5 ni nafasi ndani ya mstari huo. Kisha linakuja lalamiko: aina ya data iitwayo "tarehe_t" haijulikani. Chini yake yanafuata makosa mengine mengi, kwa sababu kila mahali "tarehe_t" ilipotumika, kompaila imejikwaa upya. Ukianza na la mwisho, utarekebisha mstari ambao hauna ubaya wowote. Ukirudi kwenye mstari wa 12, huenda ukakuta kilichokosekana ni "#include" moja tu mwanzoni mwa faili. Iongeze, kompaili tena, na ukurasa mzima unafutika.

Sasa utazame mstari unaowavuta watu wote: "make: *** [Makefile:48: all] Error 2". Programu ya "make" iliandikwa na Stuart Feldman katika Bell Labs mwaka 1976, na mpaka leo ndiyo inayosimamia ujenzi wa programu nyingi. Kazi yake ni kuwaita wafanyakazi wengine kwa zamu. Mfanyakazi mmoja akishindwa, "make" iliyomwita hutangaza kwamba imeshindwa, na iliyoiita hiyo hutangaza vilevile, mpaka juu kabisa. Mstari wa mwisho ni tangazo la msimamizi ambaye hata hakuwepo tukio lilipotokea. Mtu anayetuma mstari huo peke yake kwenye kundi la WhatsApp akiomba msaada hajasema kitu ambacho yeyote anaweza kukishughulikia.

Lipo jambo jingine linalolificha kosa la kwanza. Tumezoea kuandika "make -j4" ili kazi nne ziende kwa pamoja na muda upungue. Kazi moja ikishindwa, nyingine zilizoanza huendelea kuandika kwenye skrini, na kosa lenyewe husukumwa juu lisikoonekana. Dawa yake ni rahisi: andika "make" tupu mara ya pili. Yaliyokwisha kukompailiwa hayarudiwi. Itakwenda moja kwa moja kwenye pale pagumu na kusimama, na sasa kosa utalikuta karibu na mwisho. Vilevile jenga mazoea ya kuhifadhi kila kitu: "make 2>&1 | tee kumbukumbu.txt". Kisha "grep -n -m 1 'error:' kumbukumbu.txt" itakuonyesha kosa la kwanza na mstari lilipo.

Wakati mwingine msimbo hauna hatia, ni kompaila iliyobadilika. Toleo la 10 la GCC, lililotoka 2020, lilianza kukataa kigezo cha jumla kufafanuliwa mara mbili katika faili mbili, jambo lililovumiliwa kwa miaka mingi. Ujumbe wake ni "multiple definition". Toleo la 14, la 2024, likageuza onyo la zamani kuwa kosa kamili: kuita kazi, yaani "function", ambayo haijatangazwa, "implicit declaration of function". Kwa hiyo programu ya mwaka 2012 iliyokompailika vizuri wakati ule inaweza kugoma leo bila herufi hata moja kuguswa. Hapo tafuta kwanza toleo jipya la programu hiyo. Ukilikosa, kosa la 2020 hutulizwa kwa "-fcommon" katika CFLAGS, orodha ya chaguo za kompaila, na la 2024 kwa "-fpermissive". Ni vya kukuvusha leo. Msimbo wenyewe bado unadai kurekebishwa.

Kuunganisha na kuwasha

Ujumbe wa hatua ya tatu ni "undefined reference to", ukifuatwa na jina. Kompaila imeridhika kwamba kazi yenye jina hilo ipo mahali fulani, lakini kiunganishi kimeitafuta na hakikuiona. Mara nyingi maktaba haikutajwa, au imetajwa mahali pasipofaa. Amri "gcc -lm hesabu.c" inaweza kushindwa kupata "sqrt", na "gcc hesabu.c -lm" ikafaulu, kwa kuwa kiunganishi husoma kutoka kushoto kwenda kulia na huchukua kwenye maktaba vile tu ambavyo vimekwisha kuitishwa. Angalieni pia kwamba neno "error:" hapa hutokea kwenye mstari wa "collect2", ambao nao ni tangazo la baadaye. Kosa lenyewe liko juu yake.

Programu ikikompailika na kusakinishwa halafu ikagoma kuwaka kwa "error while loading shared libraries", mara nyingi maktaba mpya imewekwa ndani ya "/usr/local/lib" na mfumo haujaarifiwa. Amri "sudo ldconfig" humaliza.

Makosa yasiyo ya msimbo

Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu vitabu vingi vya kompyuta huandikwa na watu ambao stima yao haipotei.

Kwanza ni saa. Kompyuta nyingi katika shule na ofisi zetu zimenunuliwa zikiwa zimetumika. Ndani ya nyingi kati yake kuna betri ndogo ya mviringo, CR2032, inayotunza saa mashine ikiwa imezimwa. Betri hiyo ikifa, stima ikipotea, kompyuta huamka ikidhani tuko miaka mingi nyuma. Sasa "make" huamua faili ipi ikompailiwe kwa kulinganisha tarehe zake. Ikikuta faili imeandikwa "kesho", hutoa onyo: "Clock skew detected. Your build may be incomplete." Usilipuuze onyo hilo. Linamaanisha kwamba faili uliyorekebisha sasa hivi inaweza kurukwa, ukashangaa kwa nini kosa ulilolifuta bado lipo. Saa hiyo hiyo mbovu huifanya "git" ikatae cheti cha usalama cha tovuti, kwa kuwa cheti kinaonekana hakijaanza kutumika. Ukiona mambo hayo mawili kwa pamoja, andika "date" kabla ya kugusa msimbo. Sahihisha saa, pitisha "touch" kwenye faili zote za msimbo chanzo, ubadilishe betri pia.

Pili ni kumbukumbu ya RAM. Unakompaili programu kubwa ya C++ kwenye laptopu ya gigabaiti 4, na ghafla: "Killed signal terminated program cc1plus". Hakuna namba ya mstari, hakuna lalamiko la sintaksia. Mfumo umeishiwa na kumbukumbu, ukamuua mfanyakazi mlafi kuliko wote. Amri "sudo dmesg" itathibitisha. Punguza kazi za pamoja hadi "make -j1", funga kivinjari chenye kurasa ishirini, na ongeza faili ya swap. Itachukua muda mrefu, ila itafika.

Tatu ni mtandao, na hapa narudi kwenye OpenMRS. Imeandikwa kwa Java, na hujengwa kwa chombo kiitwacho Maven. Mara ya kwanza unapoandika "mvn clean install", Maven hupakua mamia ya faili na kuziweka katika folda ya ".m2". Bando likiisha katikati, faili iliyoshindikana huachiwa alama inayoishia kwa ".lastUpdated". Unanunua bando jingine, unarudia amri, na Maven inakataa hata kujaribu, ikidai faili haikupatikana. Sababu ni kwamba inakumbuka kushindwa kwake kwa awali na haina mpango wa kuuliza tena mapema. Ongeza "-U" kwenye amri, itauliza upya. Na mkishafaulu kwenye mashine moja, nakilini folda ya ".m2" kwenye flashi mpeane, kisha mtumie "-o" ili Maven isiguse mtandao kabisa. Bando moja linaweza kutumikia darasa zima.

Java ina mtego mwingine: "UnsupportedClassVersionError", ukifuatwa na namba kama 61.0 na 52.0. Toa 44 kwenye kila namba. Faili ilikompailiwa kwa Java 17, na wewe unaiwasha kwa Java 8. Hakuna kilichoharibika. Soma maelezo ya programu ujue yanataka Java ipi, usakinishe hiyo.

Tahadhari moja

Anayekompaili anaendesha maagizo yaliyoandikwa na mtu asiyemjua. Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa wajenzi wa PostgreSQL, aliona kwamba kuingia kwenye seva kwa SSH kunachukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida. Akafuatilia, na akagundua mlango wa siri katika maktaba ya kubana data iitwayo xz, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Sehemu ya hila hiyo haikuwa hata kwenye hifadhi ya msimbo ambayo watu huisoma. Ilikuwa ndani ya hati ya kujengea, kwenye kifurushi kilichotolewa kwa umma, ikisubiri mtu akompaili.

Tuchukue mawili hapo. La kwanza: usikompaili ukiwa na mamlaka ya "root". Sanidi kwa "--prefix=$HOME/programu" ili kila kitu kikae ndani ya folda yako, na hutahitaji "sudo" hata siku ya kusakinisha. La pili linahusu kazi yetu ya leo: Freund aliokoa seva za dunia kwa kukataa kupuuza jambo dogo la kwanza lililoonekana si la kawaida.

Namna ya kuuliza

Kuuliza si ujinga, lakini kuuliza vibaya humchosha anayejibu. Usitume picha ya skrini iliyopigwa kwa simu ikiwa imepinda, mwanga wa dirisha ukiwa juu ya maneno yenyewe. Tuma maandishi. Taja mfumo wako na toleo lake, toleo la kompaila kwa "gcc --version", toleo la programu unayoijenga, amri uliyoandika neno kwa neno, na kosa la kwanza pamoja na mistari michache iliyolitangulia. Kabla ya kutuma, litafute kosa hilo kwenye mtandao bila majina ya folda zako, kwa maana hakuna mwingine duniani mwenye folda hizo. Ukipata jibu, rudi uwaambie wenzako lilifanya kazi au halikufanya.

Nawaomba walimu waliopo wafungue daftari katika maabara ya kompyuta. Upande mmoja liandikwe kosa kama lilivyotokea kwenye skrini; upande wa pili, kwa Kiswahili, chanzo chake na dawa yake. Mwanafunzi wa mwaka ujao asianze pale alipoanzia wa mwaka huu.

Kazi ya nyumbani

Nanyi vijana, nawapa zoezi. Pakueni GNU Hello, programu ndogo ya mfano inayofaa kujifunzia ujenzi. Kazi yake ni kuandika salamu tu, na haimalizi bando. Isanidini ndani ya folda zenu, mwandike "make", mwione ikifaulu. Halafu fungueni faili ya "src/hello.c", mfute nukta mkato moja kwa makusudi, na mkompaili tena. Someni kosa la kwanza. Mtaona kwamba mara nyingine kompaila hutaja mstari unaofuata badala ya ule mlioharibu, kwa sababu iligundua upungufu ilipofika hapo. Ni vizuri kulijua hilo mkiwa mnajua jibu, kabla ya siku ambayo hamtalijua. Rudisheni nukta mkato, kisha mharibu kitu kingine.

Aliyeharibu programu kwa mkono wake mara kadhaa na kuirudisha hataiogopa iliyoharibika yenyewe, hata iwe kubwa kama OpenMRS. Nimemaliza. Mwenye swali asimame, na mwenye kosa kwenye laptopu alilete hapa mbele tulisome pamoja, kuanzia juu.